Roosevelt, miwani yake na bunduki ya simba wa milimani

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, anaishi Marekani mwaka wa saba sasa, katika jimbo la Colorado. Majuzi alinipigia simu usiku, nikadhani kuna msiba. Kumbe wenzake wa kazini wamemwalika kwenda kuwinda mnyama wanayemwita simba wa milimani, na yeye anataka mjomba wake amwambie achukue bunduki gani na risasi ya ukubwa gani. Aliniuliza mimi kwa sababu nilikuwa askari wa wanyamapori kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na watu wa nyumbani huamini kwamba mtu aliyebeba bunduki anajua kila kitu kuhusu bunduki.

Nilimwomba anipe wiki moja. Sikuwahi kumwona mnyama huyo, lakini namjua mtu mmoja aliyemwinda huko huko Colorado na miaka minane baadaye akateremka hapa kwetu Mombasa na bunduki zake. Nimesoma habari zake tangu ujana. Huyo ni Theodore Roosevelt, rais wa 26 wa Marekani. Leo, ndugu msomaji, nataka tumtazame kwa upande wa macho yake na bunduki zake, kwa sababu jawabu la mpwa wangu limo humo, na jawabu langu mwenyewe pia.

Roosevelt alizaliwa New York tarehe 27 Oktoba 1858, katika nyumba ya watu wenye mali. Mali haikumsaidia kifua. Alikuwa na pumu iliyomkaba usiku hata baba yake akawa anambeba huku na huku ili apate pumzi. Alipofika miaka 13 hivi alipewa bunduki yake ya kwanza, ya mitutu miwili. Akatoka na wenziwe kupiga ndege. Wenziwe wakawa wanapiga vitu ambavyo yeye havioni kabisa. Akadhani labda wao ni hodari zaidi. Siku moja wakasoma kwa sauti maandishi ya tangazo lililokuwa mbali, na yeye hakuona hata kwamba pale pana maandishi. Akamwambia baba yake, akapimwa, akavishwa miwani. Baadaye alieleza kwamba hapo ndipo dunia ilipomfungukia, kwani miaka yote ile hakujua kwamba ni kipofu nusu.

Nakuomba msomaji ulishike hilo. Huyu mtu aliyekuja kusifika duniani kwa uwindaji alianza kwa kukiri kwamba haoni.

Mwaka 1884, tarehe 14 Februari, mama yake na mkewe walifariki siku moja ndani ya nyumba moja. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kike siku mbili tu kabla. Roosevelt alikuwa na miaka 25. Mtoto akamwacha kwa dada yake, akaenda zake nchi ya Dakota kufuga ng'ombe. Huko wachunga ng'ombe walimcheka kwa miwani yake, kisha wakazoea. Alijifunza kukaa juu ya farasi siku nzima na kulala kwenye baridi. Akaona pia jinsi nyati wa Marekani walivyokuwa wamekwisha malizwa kwa bunduki. Mwaka 1887 akaanzisha pamoja na wenziwe chama cha Boone and Crockett, cha wawindaji waliotaka wanyama wasimalizwe. Wapo wanaoona hilo ni kichekesho, mwindaji kulinda wanyama. Mimi silioni hivyo. Mvuvi wa Vanga anajua kuliko mtu wa ofisini kwamba nyavu ya tundu ndogo inamaliza bahari.

Akaoa tena, akarudi kwenye siasa, akapigana vita vya Cuba mwaka 1898, akawa gavana wa New York, na mwisho wa mwaka 1900 akachaguliwa makamu wa rais. Kabla ya kuapishwa, Januari 1901, akapanda treni kwenda Colorado, karibu na mji mdogo wa Meeker, kuwinda simba wa milimani.

Hapa lazima nieleze mnyama mwenyewe. Huyu si simba wetu. Wengine humwita puma. Hana shungi wala hangurumi kama simba wa Tsavo. Rangi yake ni ya udongo mkavu, mkia mrefu na mzito. Dume la kawaida lina kilo 55 hadi 80, na jike ni dogo zaidi, wakati simba dume wa kwetu hufika kilo 190. Ngozi yake ni nyembamba na mifupa si mizito. Chakula chake kikubwa ni paa wa kule. Akifukuzwa na mbwa hukimbia kidogo, kifua kikamwishia, akapanda mti au akajibana kwenye mwamba. Mwindaji hufika chini ya mti na kumpiga akiwa hatua chache tu.

Kwa hiyo kazi kubwa ni ya mbwa. Roosevelt aliongozwa na mwenyeji aitwaye John Goff, mtu wa farasi na mbwa, aliyezijua nyayo katika theluji kama sisi tunavyozijua nyayo mchangani. Walikaa huko kama wiki tano. Kundi lao lilipata puma 14, na Roosevelt mwenyewe alipata 12. Wa mwisho, aliyeuawa siku ya mwisho ya msako, alikuwa na uzito wa ratili 227, yaani kilo 103. Fuvu lake lilishika nafasi ya kwanza katika vitabu vya rekodi kwa miongo mingi. Roosevelt alipima kila mnyama urefu na uzito, akatazama tumboni ajue alikula nini, na mafuvu akayapeleka Washington kwa wataalamu.

Sasa, bunduki ya mnyama kama huyo ni ipi? Mtu akisikia jina la simba hukimbilia bunduki kubwa. Hilo ni kosa. Puma aliye juu ya mti hatua ishirini kutoka kwako hahitaji mzinga. Wawindaji wengi wa kule tangu miaka hiyo wamependa Winchester nyepesi, ile ya kukoki kwa mkono wa chuma ulio chini ya kitako, ya risasi iitwayo .30-30. Tarakimu ya kwanza ni upana wa risasi kwa sehemu ya inchi, kama milimita 7.6. Ya pili ni kipimo cha baruti. Roosevelt aliijua bunduki hiyo mapema. Mwaka 1896 alimpiga nayo swala mbali kuliko alivyotarajia, akaisifu kwa wepesi wake na jinsi risasi yake inavyokwenda bila kushuka sana. Bunduki fupi hubebeka juu ya farasi, haikwami kwenye matawi, haimpigi mtu bega, na risasi yake inatosha kabisa kwa mnyama wa kilo 70.

Kinachotakiwa ni kumpiga mahali pa kufa mara moja, nyuma ya bega, kwenye moyo na mapafu. Sababu ni mbwa. Puma aliyejeruhiwa huanguka katikati yao akiwa na makucha yake yote, na mbwa ndio wanaolipa kosa la mpiga bunduki. Mara kadhaa mbwa walipomkamata puma chini, Roosevelt hakufyatua kabisa, kwa kuwa risasi ingeweza kumpata mbwa. Aliingia akamaliza kwa kisu. Wapo waliomwona mpenda sifa kwa hilo, na huenda kweli alipenda sifa kidogo. Lakini hesabu yake ilikuwa sahihi, kwani silaha bora ni ile isiyomdhuru mwenzako.

Septemba 1901 Rais McKinley aliuawa kwa risasi, na Roosevelt akawa rais akiwa na miaka 42. Novemba 1902 alikwenda Mississippi kuwinda dubu. Kiongozi wa msako alikuwa Holt Collier, mzee mweusi aliyezaliwa utumwani na ambaye hakuna aliyemshinda kwa dubu. Collier alimkamata dubu mmoja aliyechoka, akampiga kwa kitako cha bunduki, akamfunga kwenye mti ili rais aje ampige. Rais alikataa. Kumpiga mnyama aliyefungwa aliona ni aibu, ingawa aliagiza amalizwe ili asiteseke. Mchoraji wa gazeti akachora kisa kile, na fundi wa vitu vya kuchezea akatengeneza kidubu cha nguo akakipa jina lake. Ndiyo asili ya yale madubu laini wanayolala nayo watoto wetu mpaka leo.

Akiwa rais alitenga misitu 150 ya taifa, hifadhi 51 za ndege na mbuga tano za taifa. Na akiwa rais alipoteza jicho. Alipenda ngumi, na siku moja kijana mmoja afisa wa jeshi alimpiga konde katika jicho la kushoto. Mshipa ukapasuka, nuru ikafifia, mwisho likazima. Hakumtaja kijana yule asije akaumia moyo, na watu wengi hawakujua mpaka mwaka 1917.

Kwa hiyo mtu aliyeteremka Mombasa tarehe 21 Aprili 1909, mvua ikinyesha, umri miaka 50, alikuwa na jicho moja tu, nalo la miwani. Alikuja na meli ya Admiral, pamoja na mwanawe Kermit wa miaka 19 na wataalamu watatu wa wanyama waliotumwa na makumbusho ya Smithsonian. Alikaribishwa na kaimu gavana Frederick Jackson. Siku iliyofuata akapanda treni ya kwenda bara, akaketi kwenye benchi lililofungwa mbele kabisa ya injini ili aone wanyama. Akapita Tsavo, ambako miaka 11 nyuma simba wawili walikula wajenzi wa reli mpaka Patterson akawaua. Patterson naye alipata funzo la bunduki pale. Aliazima bunduki kubwa ambayo hakuwahi kuijaribu, na simba alipotokea mbele yake ikakataa kulia. Nusura iwe hadithi yake ya mwisho.

Roosevelt hakuazima. Alikuja na bunduki tatu kuu, na kila moja ilikuwa na kazi yake. Ya kwanza ilikuwa Springfield ya jeshi la Marekani, ya upana wa .30, aliyoitengenezesha kitako kimkae begani. Hiyo ilikuwa ya swala na wanyama wa mbali. Ya pili ilikuwa Winchester ya mwaka 1895, ya risasi .405, upana unaozidi milimita 10, na uzito wa risasi ni karibu gramu 20. Hiyo ndiyo aliyoiita dawa yake ya simba. Ya tatu ilikuwa ya mitutu miwili ya Holland & Holland, .500/.450, aliyozawadiwa na marafiki wa Uingereza, kwa ajili ya ndovu, kifaru na nyati. Tena alikuwa na bunduki ya marisau ya ndege.

Tazama tofauti. Kwa simba wa milimani wa Colorado silaha nyepesi. Kwa simba wa Kenya, aliye mzito zaidi ya mara mbili na anayemjia mtu badala ya kupanda mti, silaha ya .405. Kwa nini hakuichukua ile kubwa kabisa kwa kila kitu? Kwa sababu ile ya mitutu miwili ni nzito, inapiga bega kwa nguvu, na ina risasi mbili tu. Mtu wa jicho moja akikosa mara mbili amebaki na fimbo. Winchester ilikuwa na risasi za kutosha na mkono wake ulikuwa umeizoea tangu ujana. Alijua kwamba si mlenga shabaha hodari. Aliandika waziwazi kwamba alikosa mara nyingi na alitumia risasi nyingi. Alichagua silaha kwa kuhesabu udhaifu wake.

Na hapa nataka niwataje watu ambao vitabu vingi huwapita haraka. Wabeba bunduki wake wa kwanza walikuwa Muhamed na Bakari. Kermit alikuwa na Juma Yohari. Hayo ni majina ya kwetu, ya mitaa yetu. Mbeba bunduki alisimama hatua moja nyuma ya mzungu, mkononi ana bunduki ya pili, na mnyama anakuja. Kama bwana amekosa, yeye hana ruhusa ya kukimbia. Wapagazi walikuwa zaidi ya 200, kila mmoja na mzigo wa ratili 60 kichwani, na katika mizigo hiyo mlikuwa na tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi. Walimwita Bwana Mkubwa, na inasemekana pembeni walimwita Bwana Tumbo. Sisi tunajua jinsi Waswahili tunavyotoa majina.

Kwenye miteremko ya Mlima Kenya alimwangusha ndovu wake wa kwanza kwa mitutu yote miwili. Bunduki ikawa tupu. Papo hapo ndovu mwingine akatokeza vichakani, akampita karibu kiasi cha kuweza kumfikia kwa mkonga. Roosevelt akajibanza kwenye mti kutia risasi. Aliyemgeuza ndovu yule ni mwongozaji wake, Cuninghame, kwa bunduki yake. Hata silaha kubwa kuliko zote haikumtosha. Kilichomtosha ni mwenzake.

Walipofika Khartoum Machi 1910, baba na mwana walikuwa wameua wanyama 512, simba 17 kati yao. Mimi niliyekaa miaka mingi nikizuia majangili, idadi hiyo inanikaa kooni. Wengi walikwenda makumbusho na elimu ikapatikana, kweli. Lakini leo Kenya imekataza uwindaji wa starehe tangu 1977, na nadhani tulifanya vyema.

Oktoba 1912 alikuwa anagombea urais tena. Mjini Milwaukee mtu mmoja alimpiga risasi ya bastola ya .38 kifuani. Risasi ilipita kwanza kwenye kasha la chuma la miwani na karatasi 50 za hotuba zilizokunjwa mfukoni, ikapoteza nguvu, ikakwama mbavuni. Akatoa hotuba yake zaidi ya saa nzima huku shati linalowa damu, ndipo akaenda hospitali. Risasi haikutolewa, aliishi nayo. Miwani ile aliyovishwa utotoni kwa kuwa haoni ndiyo iliyosaidia kumwokoa.

Mwaka 1913 aliwinda puma tena, safari hii na wanawe wawili, ukingo wa kaskazini wa Grand Canyon. Nchi hiyo yeye mwenyewe aliitenga mwaka 1906 ili kuwalinda paa, na wawindaji wa serikali wakawaua puma kwa mamia. Paa wakaongezeka mno, wakamaliza majani, na katikati ya miaka ya 1920 wakafa njaa kwa wingi. Kuondolewa kwa puma kulikuwa miongoni mwa sababu. Roosevelt hakuliona hilo. Mwanawe mdogo Quentin aliuawa vitani Ufaransa Julai 1918, na baba akafariki usingizini tarehe 6 Januari 1919, miaka 60.

Sasa nirudi kwa mpwa wangu, na niseme lililonichelewesha wiki nzima.

Zamani, nikiwa kazini bara ya Kwale, jicho langu la kulia lilianza kuwa na ukungu. Sikumwambia mtu. Niliogopa kuondolewa kwenye bunduki na kupoteza posho. Jioni moja tuliitwa, nyati alikuwa ameingia mashamba ya watu na amemjeruhi mama mmoja. Bunduki yangu ilikuwa nzuri, risasi zilikuwa za kutosha kwa nyati yeyote. Jua limezama, mimi nikajifanya naona. Nikampiga tumboni. Akaingia kichakani usiku. Asubuhi mwenzangu alitangulia kufuata damu, na nyati alikuwa anamngoja. Tulimuua yule nyati, lakini mguu wa mwenzangu haukunyooka tena. Mpaka leo anatembea kwa mkongojo. Watu wote walisema ni bahati mbaya, na mimi nikawaacha waseme hivyo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwangu mimi aliyeumbuliwa ni mwingine.

Kwa hiyo nilimjibu mpwa wangu hivi. Kwanza, kapime macho, na ukiona huoni, sema. Pili, jiulize kama una haja. Nyama ya mnyama mwenye chonge sisi hatuli, mbuzi wako hajaliwa, na huko kwenyewe watu wanavutana. Mwaka 2024 wananchi wa Colorado walipiga kura kama wakataze kuwinda puma, na wengi wakakataa marufuku. Sheria inakuruhusu, lakini sheria haikulazimishi. Tatu, kama lazima uende, chukua bunduki nyepesi, .30-30 au mfano wake, uliyoipiga mara nyingi kwenye shabaha kabla ya siku hiyo. Usiazime. Usifyatue mpaka mbwa wamewekwa pembeni na ubavu unauona wazi. Na kama jua limezama, teremsha mtutu urudi nyumbani, wacha wenzio wakucheke.

Alinyamaza kwenye simu, kisha akasema ataanza na macho.

Mwenzangu yule anaishi Kinango. Hajawahi kusikia kutoka kwangu kwamba jioni ile sikuona vizuri. Makala haya atasomewa na wajukuu wake, na sitaki ayasikie kwao kwanza. Jumamosi, Mungu akipenda, natoka alfajiri kwenda kwake.